Uzi mwepesi kwenye mawe ya Goma: tatizo liko wapi?

Anayeanza kuvua kwa chambo bandia hapa Goma hutoa hukumu mapema: ziwa halina samaki. Huitoa baada ya asubuhi mbili tatu za kurusha bure, na karibu kila mara anakuwa amelionea ziwa. Ni kweli kwamba ziwa letu, Kivu, ni maskini wa aina za samaki. Aina zake hazifiki 30, wakati Tanganyika ina zaidi ya 200, na maporomoko ya mto Ruzizi yamewazuia wa kule kupanda huku. Sangala hakuna. Mgebuka hakuna. Samaki anayekimbiza na kuuma yupo, ila ni mdogo, na anataka vifaa vidogo. Mengi ninayoyaona yakiwashinda watu kando ya maji, kuanzia Himbi hadi Nzulo, yanatokana na kujiandaa kwa samaki wa ziwa jingine.

Hapa chini utaanza na unachokiona au unachokihisi mkononi, halafu utafute sababu. Ukichunguza, anzia kwenye ndoano, panda kwenye uzi, kisha pete za fimbo, kisha mulinete (ile mashine ya kukunjia uzi), kisha mkono wako mwenyewe. Samaki alaumiwe wa mwisho.

Nachukulia kwamba una fimbo ya mita 2 hivi iliyoandikwa 2–10 g au chini ya hapo, mulinete ndogo ya namba 1000 au 2000, na nailoni ya milimita 0.16 au 0.18. Wengine hupenda uzi wa kusukwa wa 0.08, wakaunganisha mbele mita moja ya nailoni ya 0.20. Yote mawili yanafaa, ingawa kwa mtu anayeanza mimi nashauri nailoni tupu: inavutika kidogo, inasamehe makosa, na ikiharibika haikuumizi mfukoni. Kwenye kikopo weka vijiko, yaani vile vyambo vya chuma vinavyong'aa, vya gramu 2 hadi 5, visamaki vya mpira vya sentimita 3 hadi 5 pamoja na ndoano zao zenye kichwa cha risasi, na kijiko kimoja kizito cha gramu 7 kwa siku ya upepo.

Chambo kinaangukia hatua chache mbele yako

Soma maandishi yaliyo juu kidogo ya mpini wa fimbo. Yakisema 10–30 g nawe umefunga kijiko cha gramu 3, hakuna ufundi wa mkono utakaokuokoa. Fimbo haijui kwamba imebeba kitu. Haipindi, na isipopinda haina nguvu ya kurushia. Fimbo nyingi tunazoletewa na ndugu waliosafiri ni za aina hiyo, ndefu na ngumu, za kutegea baharini. Ni zawadi nzuri, lakini kwa kazi hii hazifai. Maandishi yakiwa yamefutika, ning'iniza chambo kwenye ncha na utikise kidogo. Ncha isipoinama, fimbo ni nzito mno kwa chambo hicho.

Fimbo ikiwa sawa, tazama bobini, ile sehemu ya mulinete inayobeba uzi. Uzi unatakiwa kuijaza mpaka ibaki milimita 2 hivi kufikia ukingo. Ukiwa chini ya hapo, kila mzunguko unaotoka unasugua ukingo na kupunguza mwendo wa chambo. Huna haja ya kununua uzi mrefu: zungushia chini nailoni kuukuu, fungia uzi mpya juu yake.

Halafu unene. Nailoni ya 0.30 au 0.40, ile ya kutegea ndoano nyingi usiku, ni imara na inauzwa kila mahali, lakini chambo cha gramu 3 hakina uzito wa kuivuta itoke. Mtu huniambia fimbo yake ni mbovu, nami nikigusa uzi tu najua ugonjwa uko wapi.

Upepo nao una saa zake. Alfajiri hewa hushuka kutoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo inakusukuma mgongoni. Jua likishapanda hugeuka na kukupiga usoni. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, upepo wa kusini huvuma kwa nguvu zaidi, na Goma ikiwa kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa hupokea mawimbi yote. Hapo funga kile kijiko kizito, rusha chini chini usipandishe chambo hewani, au kunja vitu ukanywe chai.

Uzi unatoka mafundo mafundo

Kuna magonjwa mawili hapa na dawa zake ni tofauti, basi pima kwanza. Shika mita moja ya uzi uliolegea kati ya mikono miwili, kisha isogeze mikono ikaribiane. Uzi ukijiviringisha wenyewe kwa wenyewe, umepindika. Ukining'inia kwa utulivu, kosa liko kwenye namna unavyokunja.

Uzi hupindika kwa sababu tatu. Ya kwanza ni kijiko cha kuzunguka kufungwa moja kwa moja bila kizungushi, kile kipande kidogo cha chuma chenye pete mbili. Weka kimoja sentimita 40 juu ya kijiko. Ya pili ni kuzungusha mkono wa mulinete wakati freni, kile kinachobana uzi usitoke ovyo, inateleza: samaki anavuta, uzi unatoka, nawe unaendelea kuzungusha kwa hofu. Kila mzunguko hapo unaongeza msokoto bila kumsogeza samaki hata kidogo. Ya tatu ni kujaza bobini bila kukaza uzi tangu mwanzo. Kuuponya ni kazi ya uwanjani, si ya ziwani: kata chambo, nyoosha mita 40 za uzi kwenye majani, kisha ukunje polepole ukiubana kwa kitambaa chenye maji kati ya vidole.

Kosa likiwa la kukunja, karibu siku zote ni hili: chambo kimetua, wewe unafunga waya wa mulinete (ule upinde unaofunguliwa ili uzi utoke) kwa kuzungusha mkono, na mzunguko wa kwanza unakamata uzi uliolegea. Funga waya kwa kidole. Vuta uzi kidogo mpaka ukaze. Ndipo ukunje. Kwa uzi wa kusukwa sheria hii haina msamaha, maana fundo lake ukilivuta halifunguki tena. Fundo likitokea, usivute. Tafuta kitanzi kilichojitokeza zaidi ukilegeze kwa ncha ya kijiti.

Kila ukirusha, chambo kinanasa

Hapa ndipo Goma inapotofautiana na mahali pengine, na ndipo pesa zinapoishia. Mawe yetu ni lava. Mwezi Januari 2002 mto wa moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji ukaingia ziwani, na chini yake kuna lava ya zamani zaidi, tabaka juu ya tabaka. Jiwe la mtoni limesuguliwa na maji likawa laini. Lava ina matundu ya kuingia ndoano na kingo za kukata nailoni. Mashauri ya kuvuta chambo chini kabisa, kiguseguse mchanga, yametoka penye mchanga. Hapa yatakumaliza.

Sababu ya kwanza ya kunasa ni kutojua kina. Rusha, funga waya, hesabu polepole mpaka uzi ulegee. Hapo chambo kimefika chini. Ikiwa ulifika 8, mrusho unaofuata anza kukunja ukifika 5. Ukiona hakuna kinachogusa, nenda 6. Watu hawapendi kuhesabu, wanaona ni mambo ya shule, lakini asiyehesabu hununua vijiko kila wiki. Kumbuka pia kwamba sehemu nyingi za ufuko wetu zinashuka ghafla: hatua chache una nusu mita ya maji, hatua nyingine chache huoni chini. Hesabu ya mahali ulipo haifai mita 30 pembeni.

Sababu ya pili ni idadi ya meno. Kijiko kipya kinakuja na ndoano ya meno matatu, na yote matatu yanatafuta tundu. Iondoe, weka ndoano moja yenye jicho pana, ncha ikitazama juu wakati chambo kinapita. Kwa samaki wa hapa hupotezi chochote, na kumwachia mdogo inakuwa rahisi. Kisamaki cha mpira kina dawa bora zaidi: tumia ndoano pana isiyo na risasi iliyoshikamana nayo, ncha uirudishe ifichike ndani ya mpira. Itateleza juu ya mawe mengi.

Sababu ya tatu hutokea mita tano za mwisho. Umekunja vizuri kutoka mbali, chambo kinafika kwenye ukingo wa lava, nawe bado umeinamisha fimbo. Kinaingia chini ya ukingo na mchezo umekwisha. Ukikaribia, inua fimbo na uongeze mwendo.

Kikishanasa, kuvuta kwa hasira ndiko kunakokizamisha zaidi. Legeza uzi kabisa kwanza, kwani mara nyingine kinajiangukia chenyewe. Kisipotoka, tembea pembeni ili uvute kutoka upande wa pili. Kisipotoka bado, kaza uzi, ushike juu ya mulinete kwa vidole, uvute nyuma kisha uuachie ghafla. Ule mtikisiko unasukuma ndoano irudi ilikoingilia. Mwisho kabisa, zungushia uzi kwenye kipande cha mti, fimbo uielekeze chambo kiliko, geuza uso, uvute moja kwa moja mpaka kitoke au kikatike. Usizungushie uzi wa kusukwa mkononi, unakata nyama. Na usiingie majini kufuata kijiko.

Kila baada ya kunasa, pitisha sentimita 50 za mwisho za uzi katikati ya midomo. Mdomo unahisi mikwaruzo ambayo vidole havihisi. Ukihisi mkwaruzo, kata, funga upya.

Hakuna kinachogusa

Hili ndilo lalamiko kubwa, na halina sababu moja.

Anza na saa. Maji ya Kivu ni maangavu. Siku ya kawaida unaona chini hadi mita 5 hivi. Jua likiwa kali, samaki wa kando anakuona wewe kabla wewe hujamwona. Hapa karibu na ikweta jua linachomoza saa 12 na kuzama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo huna kisingizio cha kutojua: saa moja unusu ya kwanza na saa moja unusu ya mwisho ndizo zenye thamani. Mtu anayefika saa 4 asubuhi, akarusha hadi saa 8, amechagua saa mbaya kuliko zote. Siku ya mawingu au yenye vijiwimbi ni tofauti, maana uso wa maji ukivunjika samaki hupata ujasiri.

Kisha mwili wako. Usisimame juu ya jiwe refu ukingoni, kivuli chako kikatangulia majini. Simama hatua tatu nyuma, inama kidogo, rusha mara ya kwanza sambamba na ufuko kabla ya kurusha mbele. Samaki wengi wanakaa mita mbili kutoka kwenye mawe, na mgeni huwakanyagia mlango akikimbilia kurusha mbali. Hakuna hazina huko katikati. Chini ya mita 60 hivi ziwa halina oksijeni kabisa, na katika ghuba la Kabuno, upande wa Sake, oksijeni inakoma kwenye mita 10 tu. Uhai unaoweza kuufikia kwa fimbo uko kwenye ukanda mwembamba wa kando.

Halafu ukubwa wa chambo, ambao kwangu ndio sababu inayoongoza. Fikiria wanaoliwa humu ni nani. Yupo sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na wachanga wake hukaa karibu na ufuko. Yupo Lamprichthys, mgeni mwingine wa Tanganyika, mwembamba mwenye kung'aa, ambaye Kivu ilimwona kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Wapo wadudu wa majini. Vyote hivi vinaingia kiganjani mwa mtoto. Kisamaki kigumu cha sentimita 9 ulichoagiza kutoka mbali kwa dola 12 kinawafukuza wale uliotaka kuwaita. Shuka hadi sentimita 3 na gramu 2. Usipoguswa, shuka tena.

Na unamvua nani hasa? Swali hili watu hulikwepa, wakisema «samaki yeyote». Wale wadogo wa jamii ya Haplochromis, ambao watu wa ziwa Victoria huwaita furu, ndio watakaokufundisha kazi. Wako kwenye mawe, wana udadisi, wanafuata kisamaki cha mpira kinachorukaruka taratibu. Raiamas ni mwindaji wa kweli, mwembamba na mwepesi, hazidi sana shibiri moja, naye anataka kijiko kinachong'aa kikipita kwa haraka karibu na uso wa maji. Barbo ni mkubwa zaidi na hupenda maji yanayotembea, midomo ya mito. Mji wa Goma hauna mto, mvua yote inamezwa na lava, kwa hiyo ukimtaka barbo utoke mjini. Kambare anawinda usiku kwa ndevu na harufu, chambo kikimpitia polepole karibu na matete anaweza kukikamata, ila kusema kweli mnyoo unamfaa zaidi.

Tilapia ndiye anayewavunja watu moyo. Unamwona, mnene, anapita miguuni pako, unamrushia kila ulicho nacho, hata hageuki. Hana kosa. Tilapia mkubwa anakula zaidi mimea midogo inayoelea majini. Kukimbiza kisamaki si kazi yake. Huuma chambo bandia zaidi pale dume anapolinda shimo lake la kuzalia kwenye mchanga, na hapo anauma kwa hasira, si kwa njaa. Mimi humwacha. Ukimtaka tilapia wa kupika, nenda soko la Kituku ukawasalimie mama wanaouza.

Mwendo wa kukunja ni wa mwisho. Anayeanza hukunja haraka mno, na kwa mwendo uleule. Zungusha mara tatu, simama, acha chambo kizame kidogo, zungusha tena. Wengi watauma kikisimama. Kwa Raiamas fanya kinyume: ongeza kasi katikati ya safari, ghafla.

Ukiona wavuvi wa usiku wamepumzika kwa sababu mwezi umejaa na taa zao hazivuti sambaza, usidhani na wewe upumzike. Taa yao na kijiko chako ni mambo mawili tofauti.

Wanafuata, wanadona, hawashiki

Habari njema: mahali ni sahihi, saa ni sahihi. Kilichobaki ni kidogo.

Wakifuata mpaka karibu na miguu yako kisha wakageuka, kuna kitu kinachowatia shaka. Mara nyingi ni klipu kubwa ya chuma mbele ya kisamaki, au uzi mnene unaoonekana. Funga kisamaki cha mpira moja kwa moja kwenye uzi, bila klipu. Kijiko cha kuzunguka kibaki na kizungushi chake, lakini kidogo kabisa.

Ukihisi kudonwadonwa kidogo kidogo na mpira ukirudi umenyofolewa mkia, samaki anauma nyuma na ndoano iko mbele. Kata mpira kwa upande wa kichwa, sentimita moja au zaidi, ili ndoano isogee karibu na mkia. Ukikata mkia utaua mchezo wake. Punguza na ndoano yenyewe: namba 8, au 10.

Ukihisi pigo la wazi na bado hakuna kitu, pima ukali. Gusisha ncha ya ndoano kwenye ukucha wa dole gumba na uiburute taratibu. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza, imekwisha, na kwenye lava inakwisha upesi. Tupa ndogo au jiwe laini la kunolea linatosha, misuguo michache kuelekea nchani. Ndoano iliyopinda usiinyooshe. Itupe nyumbani, si ufukweni.

Jambo moja la adabu. Furu jike na tilapia jike hubeba mayai mdomoni, na baadaye vifaranga. Ukimtoa mmoja ukaona mdomo umevimba au mayai yanamwagika, lowesha mikono, mtoe ndoano akiwa bado majini, mwache aende.

Alishika, halafu akaondoka

Angalia ncha ya uzi. Inakueleza yote. Ikiwa imejikunja mikunjo midogo, fundo liliteleza: ulilikaza likiwa kavu, au ulikata mkia wake mfupi mno. Kila fundo la nailoni lilowe mate kabla ya kukazwa, na libakishe milimita 2 au 3. Ikiwa imechanika, imechakaa, ni lava; rudi kwenye habari ya midomo hapo juu. Ikiwa imekatika safi mahali pasipo fundo, freni ilikuwa imefungwa kabisa.

Freni ipimwe nyumbani, bila kubahatisha. Nailoni ya 0.16 kwa kawaida inabeba takriban kilo 2. Freni inatakiwa kuachia kwenye robo hadi theluthi ya hapo. Funga chupa ya plastiki yenye nusu lita ya maji, ambayo ni nusu kilo, kwenye uzi uliopita pete zote, inua fimbo. Chupa iinuke kidogo kisha freni ianze kuachia taratibu. Ikining'inia tu bila uzi kutoka, legeza. Ikibaki chini huku uzi ukitoka, kaza nusu mzunguko. Asubuhi inayofuata usiiguse tena kwa sababu mtu amekuambia «kaza, kaza!».

Ikiwa uzi ni mzima na ndoano ipo, samaki amechomoka tu. Sababu kubwa ni kumwinua kwa uzi kumpandisha juu ya mwamba: uzito wake wote unaning'inia kwenye tundu dogo la mdomo. Tafuta sehemu iliyoinama, msubiri wimbi, umtelezeshe nalo. Wavu mdogo wenye mpini unafaa zaidi, hata ule wa kujitengenezea.

Ndoano imeingia kwenye nguo, au kwenye ngozi

Ukisimama na fimbo ya namna hii ufukweni, kwa dakika kumi utakuwa na watazamaji. «Papa, ile njo samaki ya kweli?» atauliza mmoja, akiwa amesimama hasa pale ndoano inapopita ukirusha nyuma. Mjibu, mwonyeshe, kisha waweke watoto wote upande mmoja, pale unapowaona, kabla ya mrusho mwingine. Penye watu usirushe kwa kupitisha fimbo juu ya kichwa. Rusha kwa ubavu, mbele yako.

Bana kigumba cha kila ndoano, kile kijino kinachoelekea nyuma karibu na ncha, kwa koleo kabla ya kutoka nyumbani. Ndoano isiyo na kigumba inatoka kwenye ngozi jinsi ilivyoingia. Yenye kigumba ikizama kwenye kidole, usiivute kwa nguvu. Na ikiwa karibu na jicho au shingoni, kata uzi, usiiguse, nenda kituo cha afya. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Miwani vaa. Ile ya kupunguza mng'ao inakusaidia kuona samaki, na kijiko kikichomoka kwenye jiwe kinakuja usoni kwa kasi.

Kichwa kizito, pumzi fupi, hakuna upepo

Hapa tatizo si la fimbo na wala usimalizie mrusho. Upande wa magharibi wa mji, Himbi, Keshero, Bulengo, kuelekea Lac Vert, kuna mabonde na mashimo ya lava yenye mazuku: gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kwenye nyufa, nzito kuliko hewa, inayojikusanya mahali pa chini. Hukusanyika zaidi usiku na alfajiri, wakati hewa imetulia, yaani saa zilezile nilizokusifia kwa uvuvi.

Kabla ya kushuka kwenye kishimo kilichofungwa kando ya maji, tazama chini: mijusi, ndege au wadudu waliokufa bila jeraha, ni onyo la kutosha. Waulize wenyeji wa pale. Wanajua mashimo yao kwa majina. Kiberiti kinachozimika ukikishusha karibu na ardhi ni onyo la kuchelewa, maana tayari umekwisha kuinama. Usikae chini wala kulala kwenye kibonde ukisubiri kupambazuke, na usimwache mtoto akuchezee humo, kwani pua yake iko chini kuliko yako. Ukianza kuhema bila sababu au kichwa kikizunguka, panda juu mara moja, vitu viache. Mwenzako akianguka shimoni, usimrukie peke yako; wengi hufa wawili kwa namna hiyo.

Radi nayo: fimbo ya kaboni inapitisha umeme. Ukisikia ngurumo, ilaze chini uondoke ukingoni. Na karibu na bandari au mpaka wa Rwanda usivue. Fimbo ndefu ndani ya mfuko mrefu huleta maswali mengi kuliko samaki.

Mulinete inalia

Maji yetu hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo kutu si adui mkubwa. Adui ni vumbi. Mchanga mweusi wa volkano ni mgumu na mdogo, unaingia kwenye kila mwanya, na ukiilaza mulinete juu yake hata mara moja utaisikia ikisaga.

Sikiliza sauti inatoka wapi. Ikilia unapozungusha mkono, mchanga umeingia kwenye mhimili wa mkono au kwenye meno ya ndani. Ikilia wakati wa kukunja tu, chunguza kile kigurudumu kidogo kinachopitisha uzi. Kikikwama hakizunguki tena, uzi unakisugua mahali pamoja na kujikwaruza. Freni ikishika na kuachia kwa vishindo, sahani zake zina uchafu.

Kaza freni kidogo ili maji yasiingie, futa mulinete kwa kitambaa kibichi bila kuitumbukiza kwenye beseni, iache ikauke kivulini, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kigurudumu na jingine kwenye mhimili wa mkono. Tone moja, si kijiko. Mafuta ya mawese na ya kupikia yanaganda na kushika vumbi zaidi, na fundi wa cherehani aliye karibu nawe atakupa ya kwake bure ukimwomba vizuri. Freni usiipake mafuta hayo kabisa. Futa sahani zake zikiwa kavu, uzirudishe kwa mpangilio uleule ulizotoa. Ukimaliza legeza freni kabla ya kuihifadhi, ili sahani zisishikane mpaka Jumamosi.